Sahani Chini ya Kawa

Jumamosi inayonirudia kila nikikaa kimya, mwanangu, ni ile niliyokataa wali wa kuku wa Bi. Mize. Usicheke. Najua ukinitazama leo unaona bibi asiyekataa kitu, anayekula hata ukoko wa jirani. Lakini wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko mzuri, na nilikuwa katibu. Mtu akipewa ukatibu kabla akili haijamkaa sawa, wanaomzunguka wana kazi.

Nakwambia haya kwa sababu wewe sasa ndiye katibu wa kikundi kilekile, na kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu Jumamosi iliyopita. Nitalifikia. Kwanza nisikilize, na hiyo simu igeuze kifudifudi.

Kikundi chetu hapa Baleni kilikuwa na watu kumi na wanne. Jina rasmi tulilibishania wiki sita, na watu wakachoka kungoja, wakatuita Watu wa Jumamosi. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri tulikutana katika darasa la tatu pale shuleni, tumebanwa magoti na madawati ya watoto. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Shomari, karani mstaafu, mtu mwema aliyependa mambo yaende kwa maandishi. Alikuwa na kengele ndogo ya mezani, na aliipiga hata tukiwa tumeshanyamaza. Mimi nasoma majina, kila mtu anaitika. Aliyechelewa adhabu yake ni kubeba ndoo mbili za maji siku ya kazi, na mchelewaji hakuwa mwingine ila Makungu, fundi wetu wa kuezeka, baba wa watoto watano na mdomo mmoja usiolala.

Halafu tunachagua nyumba. Jumamosi asubuhi tunaingia kazini: huyu anateka maji, huyu anafyeka, wale wako juu ya paa, wale wanafua. Jumapili tunauguza migongo. Jumatatu ninaandika taarifa ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya kata, ambayo sijui kama kuna aliyewahi kuisoma. Alhamisi tunaanza upya. Ndivyo wiki zilivyozunguka, na nakwambia kweli, zilikuwa wiki nzuri.

Katika kundi hilo alikuwemo Atupele, nesi wa zahanati. Alitoka bara, huko Tukuyu kwenye baridi, na alikuwa Mkristo. Alipofika hapa alikuwa hajui kukuna nazi wala kukaa juu ya mbuzi. Nilimfundisha mimi, akakuna vidole vyake pamoja na nazi, tukawa marafiki tangu siku hiyo. Jumamosi yake ya mapumziko aliitoa kwetu, akija na mfuko wa bendeji na dawa za vidonda.

Sasa sikiliza ile sheria ilivyozaliwa, maana haikuzaliwa kwa ubaya.

Tulimjengea mzee mmoja choo. Tulipomaliza akatukaribisha chakula, tukala watu kumi na wanne, tukashiba, tukamwombea dua. Siku ya pili jirani yake akaniambia kuwa mzee yule aling'oa muhogo wote uliobaki nyuma ya nyumba kutupikia sisi, na wajukuu zake walilala na uji mwepesi. Nilijisikia vibaya mno. Sikulala vizuri siku mbili. Alhamisi nikasimama darasani, nikapendekeza sheria, na mwandiko wangu mzuri ukaiandika: mwanachama hatakula wala kunywa kitu chochote katika nyumba anayoihudumia. Watu walipiga makofi. Mzee Shomari aliipigia kengele mara mbili. Nilirudi nyumbani naiona dunia imenyooka.

Juma lililofuata tukaichagua nyumba ya Bi. Mize.

Bi. Mize alikuwa mjane, akiishi peke yake mwisho wa njia ya kwenda mashambani. Wanawe wako Dar es Salaam, wanakuja sikukuu. Miaka yake yote alifua nazi kwa mkono wake. Unakijua kifuo, ule mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini, nazi unaichoma pale na kumenya kumbi. Basi siku moja aliteleza, ncha ya kifuo ikamchana mguu karibu na vidole. Kidonda kikakaa. Zahanati ilikuwa mbali kwa mtu wa mguu mmoja mzima, naye si mtu wa kumwita mtu akambebe.

Tulikwenda na nia safi. Makungu na wenzake waliezeka upya jiko lake, makuti yalikuwa yamebaki mbavu tupu. Wengine walijaza mapipa. Atupele alikiosha kile kidonda kwa subira, akakifunga, akanivuta pembeni nyuma ya jiko.

"Siti," akaniambia, "hiki hakitaki mchezo. Kinataka kuoshwa kila siku mbili tatu. Kikiachwa wiki tatu nne, wataukata mguu."

Tukapanga. Jumamosi ataosha yeye, katikati ya wiki nitakwenda mimi na bendeji alizoniachia. Nikaandika kwenye daftari langu.

Adhuhuri ikafika. Bi. Mize akatoka jikoni akichechemea. Alikuwa amechinja kuku. Mwanangu, alikuwa na kuku watatu tu, nilikuwa nimewaona mimi mwenyewe wakiparura uani. Alitandika jamvi barazani, akaweka sinia ya wali wa nazi, kuku juu yake, na akaufunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichosukwa kwa rangi. Kawa lile alilisuka yeye, jekundu na zambarau, na ndilo lililokuwa zuri kuliko kitu chochote mle ndani.

"Karibuni wanangu, mnawe," akasema, akalifunua kawa.

Watu wakanitazama mimi. Katibu. Harufu ya wali ule naisikia mpaka leo. Nikasimama, nikatabasamu kama wanavyotabasamu watu wa ofisini, nikasema: "Bibi, tunashukuru sana, lakini kikundi chetu kina sheria. Hatuli katika nyumba tunayohudumia. Hatutaki kukupa mzigo."

Alitutazama mmoja mmoja, akalirudisha kawa juu ya sinia polepole, akalisawazisha pande zote. Kisha akasema, "Haya. Mungu awajaze." Sisi tukaondoka tukijisifu njiani kwa kushinda mtihani, isipokuwa Makungu, ambaye alinuna kwa sababu ya paja la kuku.

Jumanne nikaenda na bendeji. Mlango umefungwa. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Siti, bibi. Nimekuja kukufunga kidonda."

"Sina haja leo, mwanangu. Ahsante. Mungu akujaze."

Sauti yake ilikuwa ya upole, kabisa. Nikasema labda amechoka. Jumamosi tukaenda wote. Mlango umefungwa tena, na barazani, juu ya lile jamvi, ipo sahani imefunikwa kwa kawa jekundu na zambarau. Tukapiga hodi mpaka aibu ikatushika. Kutoka ndani likaja jibu lilelile: "Sina haja, wanangu. Mungu awajaze." Tukasimama uani tukitazamana. Ile sahani tuliiruka tukienda mlangoni, tukairuka tukirudi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, mwanangu, na sikuchanganyikiwa kidogo. Nilirudi nyumbani nikalifungua daftari, nikasoma taarifa ya siku ile mstari kwa mstari kama mtu aliyepoteza sindano kwenye mchanga. Tulimwibia kitu? Tulikanyaga kaburi? Makungu alitukana juu ya paa? Makungu aliapa hakutukana, ingawa alikiri kuimba. Mtu akikugombeza unajua uombe radhi kwa lipi. Bi. Mize hakutugombeza. Alituombea dua na kufunga mlango.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Mlango, dua, sahani, kawa. Makungu akaisogelea ile sahani akainama, akanusa bila kugusa, akarudi nyuma.

"Jamani," akanong'ona, "hiki chakula si cha watu. Hiki kimewekwa kwa ajili ya wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Wale wasioonekana. Bibi ana mambo yake. Mimi na watoto wangu watano, hapa sirudi."

Nilimwambia anyamaze, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikuogopa. Nilipopita nilikunja kanga yangu isiguse jamvi. Jambo usilolijua ni kama usiku wa giza, na katika giza kila kisiki kina macho.

Mzee Shomari yeye aliamua kuandika barua. Aliandika ukurasa mzima, na kumbukumbu namba juu yake, na Jumamosi ya tatu akaisoma kwa sauti mbele ya ule mlango uliofungwa, kwa sababu Bi. Mize alisoma Msahafu lakini hakusoma hizi herufi zetu. Kisha tukasikia, "Nimesikia, bwana Shomari. Ahsante. Mungu akujaze." Mzee wa watu akaikunja barua yake, akauliza kama nadhani hilo ni jibu la ndiyo.

Na sasa kulikuwa na harufu. Ilipita chini ya mlango. Atupele aliisikia kabla yetu, nikaona uso wake umebadilika. Tulipofika kwenye njia panda ya zahanati akasimama.

"Siti, niambie kweli. Ni mimi, sivyo?"

"Wewe vipi?"

"Mimi ni Mkristo, na mtu wa bara. Nimemshika mguu bibi wa watu, baadaye amejuta. Mbona kabla sijamgusa alikuwa mchangamfu? Nyinyi mnanificha kwa adabu tu."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini nilikuwa sijui, mwanangu, na mtu asiyejua husitasita, na yeye akaona kusitasita kwangu. Akaitikia kwa kichwa, akanikabidhi mfuko wa bendeji, akaenda zake. Alhamisi hakuja kikaoni. Niliposoma jina lake hakuitika mtu, na Mzee Shomari hakupiga kengele. Nililia siku ile, tena si machozi ya kistaarabu. Nilikuwa napoteza mguu wa bibi na rafiki yangu kwa wakati mmoja, na sikujua nimewapotezea wapi.

Utaniuliza: mbona hukumuuliza mkubwa? Ndiyo, kuuliza si ujinga. Lakini ningeuliza nini? Mama yangu nilimwambia kuwa Bi. Mize ametukataa, akasema wazee wana tabia. Yale ya wali wa kuku sikumsimulia kwa sababu sikuyaona kama kosa. Niliyaona kama sifa. Kosa ulilolivika nguo ya sifa hulioni hata likae mbele yako na kukuamkia.

Ikaja Jumanne ya wiki ya nne. Nilikuwa natoka shambani kwetu, nimebeba kuni, sijala tangu asubuhi, maana asubuhi yenyewe nilikunywa chai kavu. Mvua ikanishika njiani, ile ya matone mazito, na baraza la karibu lilikuwa la Bi. Mize. Nikatua kuni, nikajibanza ukutani natetemeka. Sikupiga hodi. Nilikuwa nimeshachoka kuombewa dua na mlango.

Mlango ukafunguka wenyewe.

"Nani hapo?"

"Shikamoo bibi. Mimi Siti wa Bakari."

"Marahaba. Si wewe wa Jumamosi?"

"Leo Jumanne, bibi. Nimekimbia mvua tu."

Alikuwa amekonda, mguu ameufunga kitambaa cha zamani, na harufu ilikuwa nzito. Akarudi ndani. Akatoka na bakuli la muhogo uliopikwa kwa nazi, na kipande cha ng'onda, samaki wa kukaushwa, juu yake, akaliweka mbele yangu. Mwanangu, njaa haina katiba. Sikukumbuka sheria wala kikundi wala mwandiko wangu mzuri. Nilinawa kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakichuruzika kwenye makuti, nikasema bismillahi, nikala. Nilikula mpaka nikapangusa bakuli kwa kidole.

Nilipoinua kichwa nikamkuta ananitazama, mkono mdomoni.

"Kumbe unakula, we mtoto!"

"Nakula, bibi. Kwa nini nisile?"

Akakaa chini taratibu, ule mguu ameunyoosha pembeni. Na hapo ndipo yalipotoka yote. Hakupiga kelele hata mara moja.

"Mimi tangu nilipoolewa nyumba hii," akasema, "mwenye kazi hualika watu, watu huja, na mwenye kazi huwapikia. Wakishakula, mmeshamalizana. Leo kwangu, kesho kwako, hakuna mkubwa hakuna mdogo. Nimewalimia watu mashamba yao, nikala kwao. Nyinyi mkaja, mkaniezekea jiko, mkanijazia maji, mkaniosha mguu. Nikasema alhamdulillahi, bado nina watu. Nikachinja. Nyinyi mkakataa. Nikakaa hapa na sinia yangu, nikajiuliza: wameniona mchawi? Wameniona mchafu? Au wameniona maiti, wa kuoshwa na kubebwa asiye na chake?"

"Hapana, bibi, sisi..."

"Ngoja. Hata maiti, Siti, watu hula hitima yake. Nyinyi mmeniweka chini ya maiti."

Mvua ilikuwa inapiga makuti mapya ya jiko aliyoezeka Makungu.

"Na kila Jumamosi," akaendelea, "nimepika kidogo nilichonacho, nimekiweka hapo barazani. Nimekaa nyuma ya huo mlango nikasema, wakila tu, nafungua. Tonge moja tu. Mnairuka sahani yangu kama mnaruka kinyesi. Jioni namwita paka."

Nikalia, na yeye akaniacha nilie, akanipangusa kwa ncha ya kanga yake baadaye. Nilimweleza habari ya mzee wa choo na wajukuu wake. Alinisikiliza, akatikisa kichwa.

"Sasa hapo mngeona aibu ya kuja mikono mitupu, watu kumi na wanne. Mkono mtupu haulambwi. Si kukataa kula. Nani aliwaambia lazima kuku? Kikombe cha chai ya mchaichai kingenitosha mimi kuwa mtu."

Kisha nikamuuliza lile lililoniuma kuliko yote, kama alimkataa Atupele kwa dini yake. Alinikazia macho.

"Kidonda changu kina dini? Yule mtoto ana mkono mwepesi. Kamwite. Lakini mwambie aje na njaa."

Nilikimbia kwenye mvua ile, kuni nikaziacha barazani. Nilimkuta Atupele zahanati, anapanga faili. Nikamwambia, "Bi. Mize anakuita. Njoo, lakini njoo na njaa."

"Nimeshakula."

"Utakula tena."

Alinitazama kama niliyepandisha homa, lakini akachukua mwavuli. Tulipofika, Bi. Mize alikuwa ameshaweka sahani barazani chini ya kawa. Atupele akamwamkia, akaitikiwa. Akaketi. Bi. Mize akalifunua kawa mwenyewe: vipande vitatu vya muhogo, basi, ndivyo vilivyokuwa vimebaki. Akachukua kimoja yeye, kimoja akanipa mimi ingawa tumbo lilikuwa limejaa, cha tatu akampa Atupele. Tukala watatu. Atupele machozi yakimshuka anatafuna. Alipomeza tonge la mwisho, Bi. Mize, bila kuombwa, akauinua mguu wake kwa mikono miwili na kuuweka juu ya mapaja ya nesi.

Kuna methali unaisikia kila siku mpaka umeacha kuisikia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya kukaribishana. Siku ile niliyaona yakitendeka.

Lakini sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri yote. Siku ya pili tulimpeleka hospitali ya wilaya, Kilindoni, na mguu uliokolewa, ila vidole viwili vilikatwa. Atupele aliniambia kwa ukweli wake wa kitabibu: tungeingia mle ndani wiki ya kwanza, vidole vile vingekuwepo. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wangu alikuja na mwendo wa kuchechemea. Kwa miaka yote aliyoishi baadaye, kila nilipomwona Bi. Mize anatembea nilihesabu vile vidole. Yeye hakunitajia hata mara moja.

Alhamisi nikasimama darasani kuomba sheria yangu ifutwe. Ulitokea ubishi mkubwa. Mzee Shomari akauliza, kwa haki kabisa, je, wale wajukuu walale tena na uji? Makungu akasema yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa kuku. Mwishowe tukakubaliana jambo alilolisema Bi. Mize mwenyewe nilipokwenda kumtazama: kila mtu aje na gao lake la mchele, kiganja tu, au kipande cha muhogo, vitiwe katika chungu cha mwenye nyumba, pamoja na anachotia yeye, hata kiwe chumvi. Yeye ndiye apakue. Na tule wote, pamoja naye. Atupele akarudi kuitika jina lake, na kengele ikapigwa mara tatu.

Hata hivyo, mwanangu, nikuambie siri. Bado huwa nachanganyikiwa. Zipo nyumba nimeingia nikaona sufuria, nikaona na watoto wanaoitazama sufuria. Nikila, nawanyang'anya. Nisipokula, namuua mama yao kwa aibu. Sijui kila mara lipi ni lipi. Ninachojua ni kwamba jibu haliko kwenye daftari. Liko kwa mwenye nyumba, na inabidi ukae naye kwenye jamvi muda wa kutosha umsikie.

Sasa nifike kwako. Jumamosi iliyopita mmemfyekea Mzee Kombo uwanja wake na kumpakia rangi ukuta. Kazi nzuri, nimeiona, msiseme bibi haoni. Nimeona na fulana zenu za rangi moja. Mlipomaliza mkapiga picha, mkasimama naye katikati, mkaaga mbiombio kwa sababu kuna mahali pengine mnasubiriwa. Mimi nilikuwa napita njia ya nyuma. Mlipogeuka, yeye alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na dafu mkononi, limeshakatwa kichwa. Alimwita mmoja wenu. Wewe. Ukampungia mkono ukasema, "Usijali babu, tuko sawa!" Ulisema kwa upendo, najua. Nilikuwa nakuona uso wako, na niliuona uso wangu.

Alisimama pale na lile dafu mpaka mlipokata kona. Kisha akalimwaga chini ya mnazi. Hakulinywa hata yeye.

Basi nasaha yangu ni hii, na ukiisahau mengine yote ushike hii. Unapokwenda kumsaidia mtu, usiende umeshiba. Nenda na njaa yako, na kiu yako, na kitu kidogo mkononi cha kutia katika chungu chake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na masikini naye ana moyo unaotaka kutoa. Ukimzuia asitoe, hukumpunguzia mzigo, umemwongezea. Sheria mwekeane, sawa, kikundi bila sheria ni soko. Lakini kabla hujaiandika kwa mwandiko wako mzuri, kamsomee kwanza yule itakayemwangukia. Na mtu akikufungia mlango kwa upole, usiende kutafuta mashetani. Tazama ulichokiruka mlangoni.

Leo Jumatano. Usingoje Jumamosi, wala usivae fulana. Kesho asubuhi pita kwa Mzee Kombo, mwamkie, kaa chini, umwambie una kiu. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Yeye atajua.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutoa usiochoka, mwanangu, na akupe na kinywa cha kupokea kisichojivuna. Akuepushe na sifa inayoficha kosa. Akupe wazee watakaokugombeza wazi wazi badala ya kukuombea dua nyuma ya mlango. Na siku utakapozeeka wewe, mguu wako ukauma na jiko lako likavuja, wakija vijana kukusaidia, akujaalie wawe na njaa.

Amina. Haya, sogeza hiyo sahani, funua kawa. Sikukuita hapa uje unisikilize tu.